Mjue Mgeni Bila Kumuuliza: Mwongozo kwa Wenye Haraka

Mtaa wowote unaojiheshimu una wataalamu wake wa watu. Utawakuta kwenye benchi la muuza kahawa, jirani na duka la Mangi, wakitazama kirikuu kinavyoshusha vyombo vya mpangaji mpya. Kabla godoro halijavuka mlango, faili la mgeni limeshakamilika: katokea wapi, kwa nini hana mke, na kodi ya miezi sita kaipata kwa njia gani. Salamu bado. Salamu ni ya baadaye, mambo yakishatulia.

Ufundi huu haufundishwi chuoni wala hauna cheti, na ipo hatari kizazi kinachokua kikaanza kumuuliza mtu jina lake, kazi yake na alikotoka, halafu kikayaamini majibu. Mwongozo huu umeandikwa kuzuia balaa hilo.

Maandalizi

Huhitaji vifaa vingi. Tafuta sehemu inayoona barabara vizuri, kahawa na kashata, na watu wawili watatu wa kukuunga mkono. Hao wa kukuunga mkono ndio muhimu kuliko vyote, kwa sababu hukumu ya mtu mmoja huitwa wasiwasi, ya watatu huitwa “inasemekana”.

Muda hauhitajiki kabisa. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa picha za sura wasizozijua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha wakaulizwa: huyu anaaminika? Ana uwezo? Ni mkali? Majibu yakaja bila shida, na yalilingana kwa kiasi kikubwa na ya watu waliotazama picha hizohizo bila kuwekewa muda. Walioongezewa muda hawakubadilika sana. Kilichopanda ni kujiamini. Kwa hiyo ukiona mzee wa kijiweni amemkazia mgeni macho tangu asubuhi, usidhani bado anachunguza. Alimaliza zamani, sasa anapigilia misumari.

Mizigo haidanganyi

Tuseme mpangaji ni kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi. Kirikuu kinashusha godoro la tano kwa sita, feni, mtungi mdogo wa gesi, ndoo mbili, sufuria zilizofungwa ndani ya shuka, na sanduku la bati lenye kufuli. Asiye na mafunzo ataona godoro, feni, gesi, ndoo, sufuria na sanduku. Wewe unaona godoro kubwa kwa mtu mmoja, maana yake hatakuwa mmoja kwa muda mrefu. Unaona feni: hela ipo. Unaona hana runinga: hela hiyo anaificha. Angekuja na runinga kubwa ingekuwa vilevile, kijana wa umri ule kaitoa wapi? Halafu lile kufuli. Mtu mwema anafungia nini?

Ndani ya sanduku, siku akiamua kukuonyesha, kuna vyeti vyake vya shule, koti la marehemu baba yake, na vikombe vya kauri ambavyo mama yake aling’ang’ania avichukue, vimefungwa kimoja kimoja kwenye gazeti. Kufuli lipo kwa sababu komeo ni bovu. Bila kufuli mfuniko unafunguka njiani na vikombe vinamwagika. Lakini komeo halionekani kutoka kwenye benchi, na kisichoonekana kutoka kwenye benchi hakimo kwenye uchunguzi.

Sasa subiri usiku. Saa tatu anatoka na begi mgongoni. Anarudi alfajiri, watu wanakwenda msikitini, macho yamemvimba. Hapa benchi hugawanyika. Wapo wanaosema jambazi. Wapo wanaosema mganga, maana hakuna anayezurura usiku kwa heri. Fundi viatu, aliyewahi kusoma kipande cha gazeti la udaku kilichofungiwa maandazi, anasema Frimasoni. Mwenye duka, mtu wa tahadhari, anasema huyo ni wa kitengo, kaletwa kutuchunguza, na kuanzia siku hiyo anamrudishia chenji kamili. Kwamba Dar es Salaam ina bekari zinazokanda unga usiku kucha ili watu wapate mkate asubuhi, na kwamba lazima awepo mtu wa kuukanda, ni wazo ambalo kwa namna ya ajabu halimjii mtu yeyote pale, huku wakichovya mkate kwenye chai.

Kanuni mama

Ukisahau yote, shika hili: mgeni ana tabia, wewe una sababu. Yeye akichelewa, hajali muda. Wewe ukichelewa, ni foleni ya Ubungo. Yeye akipaza sauti kwenye simu, hakulelewa; wewe ukipaza, mtandao unakatakata. Yeye akikupita bila neno, anajisikia. Wewe ukimpita, ulikuwa unawaza ada ya mtoto na hata hukumwona. Ukiitumia kanuni hii kwa nidhamu utaishi umezungukwa na watu wenye kasoro za kuzaliwa nazo, huku wewe peke yako ukiwa mhanga wa mazingira.

Wanasaikolojia wameshughulika na jambo hili miaka mingi. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walipewa insha wazisome, nyingine zikimsifu Fidel Castro wa Cuba, nyingine zikimponda. Baadhi yao waliambiwa wazi kwamba mwandishi hakuchagua upande, alipangiwa tu. Haikutosha. Bado walielekea kumwona aliyeandika sifa kuwa moyoni ni mtu wa Castro. Mwaka 1977 Lee Ross akaipa tabia hii jina, na ndani ya jina hilo akaweka neno “kosa”, jambo ambalo benchi haliwezi kumsamehe.

Kuna utafiti mwingine ambao nakushauri usiupeleke kijiweni, unaharibu kazi. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha walichokifanya kwa wanafunzi 40 wa seminari ya teolojia pale Princeton, vijana waliokuwa wakijiandaa kwa utumishi wa dini. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kutoa mazungumzo mafupi. Baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema. Njiani, uchochoroni, alikuwapo mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kugumia. Alikuwa amepangwa na watafiti, lakini wao hawakujua. Wengine waliambiwa bado wana muda, wengine waende sasa hivi, wengine kwamba wameshachelewa na wanasubiriwa. Wenye muda walisaidia asilimia 63, wa katikati asilimia 45, wenye haraka asilimia 10. Mada haikuleta tofauti ya maana. Wapo waliompita mgonjwa wakiwa njiani kwenda kumsifu Msamaria kwa kutompita mgonjwa.

Jiweke ng’ambo ya uchochoro ule, na kahawa yako. Ungewaandika nini? Roho mbaya. Wanafiki wa dini. Wala usingesikia sentensi fupi iliyosemwa ndani ya jengo dakika moja kabla, ambayo ndiyo iliyofanya kazi yote. Haraka ya mtu haina rangi. Njaa yake haina nembo. Habari za hospitali alizopokea simuni huzioni kwenye shati. Kinachoonekana ni uso uliokunjwa, na uso uliokunjwa ni mali yako, ufanye utakavyo.

Msome kwa salamu

Hili halina maelezo marefu, kila mtu analimudu. Mkenya akiingia mgahawani Tanga akasema “Nipe chai na chapati mbili”, mhudumu husikia amri ya jeshi. Mtanzania naye akisimama kwenye kibanda River Road, Nairobi, akaanza “Samahani kaka, habari za saa hizi, naomba nikuulize kidogo”, mwenye kibanda tayari kashika mfuko, maana utangulizi mrefu kiasi hicho kwa kawaida huishia kwenye mkopo. Wote wawili wana adabu kamili, za kwao. Kila mmoja atarudi nyumbani na ripoti: kule watu wakali, kule watu wana maneno mengi. Ripoti zote mbili zitapokelewa kama habari za uhakika, kwa sababu msimulizi alikuwapo.

Msome usoni

Uso haudanganyi, mradi usijaribu kuhakikisha. Cesare Lombroso, daktari wa Italia, alitoa mwaka 1876 kitabu kinachoeleza jinsi mhalifu wa kuzaliwa anavyotambulika kwa taya, masikio na paji la uso. Muda mfupi baadaye Francis Galton wa Uingereza alichukua picha za wafungwa akazipandanisha moja juu ya nyingine, akitarajia kwamba kitakachobaki ni sura ya uhalifu wenyewe. Ikatoka sura ya mtu wa kawaida kabisa, tena nzuri kuliko za wafungwa mmoja mmoja. Galton alikiri kwamba ubaya ulikuwa umefutika. Angekuwa mtu wa kijiweni asingekiri chochote: uzuri ule ungekuwa ushahidi wa jinsi walivyo wajanja.

Wapo wanaosema wao hawasomi sura, wanasoma macho. Mwongo, wanasema, hawezi kukutazama. Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya mwaka 2006 matokeo ya tafiti zilizohusisha watu zaidi ya 24,000 walioombwa kumtenga mwongo na mkweli. Kwa wastani walipatia asilimia 54. Ukirusha sarafu unapata 50. Hizo nne zilizozidi ndizo ule utaalamu wetu wote wa “nilimwangalia tu, nikajua”. Tena sisi tumewalea watoto wetu wainamishe macho mkubwa anapozungumza. Kijana huyohuyo akisimama mbele ya ofisa aliyelelewa kwingine akainamisha macho kwa heshima, huenda akaandikwa kwamba anaficha jambo. Na ofisa ataondoka ameridhika, kwani alifuata dalili.

Niseme hapa kwamba simsemi mwanamke anayevuka barabara saa nne usiku kwa sababu nyuma yake anakuja mwanamume asiyemjua. Yeye hana muda wa kuwa sahihi. Anataka kufika nyumbani. Mwongozo huu ni wa waliokaa mchana kweupe, wana muda wote duniani, na kuuliza hawataki.

Macho mekundu

Hatua ya juu ya ufundi huu naiandika bila utani. Usukumani na maeneo ya jirani ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na moja ya dalili zilizotumika dhidi yao ni macho mekundu. Macho hayo yameiva kwa moshi. Ni miaka na miaka ya kuinama na kupuliza moto wa kuni na samadi kavu, ndani ya jiko ambalo moshi hauna pa kutokea. Chakula kilichopikwa kwa moshi ule kimeliwa na kijiji, pengine na haohao waliokuja na mapanga. Kilifi, nchini Kenya, wazee wamelazimika kupaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwatie hatiani. Na hao hata si wageni. Wamezaliwa hapohapo.

Mgeni kamili hali yake ni ngumu zaidi. Enzi za ukoloni, kutoka pwani hadi Nairobi na Kampala, zilivuma habari za wanyonya damu. Pwani waliitwa mumiani. Bara jina lililotisha lilikuwa la wazima moto, labda kwa kuwa watu waliwaona wenye sare na magari ya kikosi cha zimamoto na hakuna aliyekuwa amewaeleza kazi yao hasa ni ipi. Usidhani habari hizo ziliondoka na Mwingereza. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa pamoja na dereva wao, na gari lao likachomwa moto. Walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo.

Wale walioua hawakuwa watu wa aina ya pekee, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaolisimulia tukio lile kama ushamba wa watu fulani wa mkoa fulani. Kusema hivyo ni kukaa kwenye benchi lilelile, safari hii ukiwatazama wao. Walikuwa watu waliokuwa wameshasikia uvumi, wakaona gari wasilolijua na vifaa wasivyovijua, wakawa wengi, na kila mmoja akamwona mwenzake ana uhakika.

Na wa kumwamini ni yupi?

Huyu ni rahisi. Ananukia vizuri. Anakuita mama au mzee bila kulazimishwa. Anajua kusikiliza, anatikisa kichwa panapostahili, na hana haraka, kwa sababu wewe ndiye kazi yake ya leo.

Mwaka 2009 ilisambaratika Tanzania taasisi iliyoitwa DECI. Watu walikuwa “wakipanda mbegu”: unaweka fedha zako, unasubiri kwa muda, unavuna zaidi ya ulichopanda. Aliyevuna alilipwa kwa fedha za waliopanda nyuma yake, na mchezo wa namna hiyo huisha siku wanaokuja wanapopungua. Waliopanda hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wanajua kupiga hesabu za duka na kupigania bei ya nyanya mpaka muuzaji akalegea. Ila walipotazama mbele waliona wachungaji miongoni mwa viongozi, wakasikia lugha ya mbegu na mavuno waliyoizoea kanisani, wakaona na jirani yao yumo kwenye foleni. Nani angemwomba mchungaji vitabu vya hesabu? Kesi ikafika Mahakama ya Kisutu.

Linganisha na kijana wa bekari. Yeye anakunja uso kwa sababu hajalala, anajibu salamu kwa mkato kwa sababu mdomo umekauka, na hajui kwamba yuko kwenye usaili. Tapeli anajua. Tapeli ndiye mgeni pekee aliyesoma mwongozo huu kabla yako na kuja amevaa majibu. Siku hizi hata uso halazimiki kuuleta: ujumbe unaingia kwenye simu, “Ni mimi baba mwenye nyumba, ile kodi nitumie kwenye namba hii”, na mtu yuleyule aliyemshuku mpangaji kwa sababu ya kofia anatuma pesa, kisha anapiga simu kuuliza kama imefika.

Mfananishe na unayemjua

Mgeni akiwa wa ajabu mno hata benchi likakosa la kusema, mtafutie mtu unayemjua anayefanana naye, halafu umhukumu huyo. Walimu wa somo hili ni Vasco da Gama na wenzake, na waliotangulia kulifaulu ni wenyeji wao. Meli za Wareno zilipotia nanga Kisiwa cha Msumbiji Machi 1498, wenyeji waliona watu wasiofanana na wafanyabiashara wa kila siku, wakawafikiria kuwa huenda ni Waturuki, Waislamu wenzao. Mambo yakaenda kwa ukarimu hadi ukweli ulipojulikana, ndipo mizinga ikaanza kunguruma.

Aprili wakang’oa nanga Malindi wakiwa na rubani aliyeijua bahari, na Mei wakafika Calicut, India. Sasa zamu ikawa yao. Kichwani walikuwa na matarajio kwamba India ina Wakristo, na jicho lao lilikuwa limezoea kuwatafuta Waislamu. Basi waliowakuta, wasiokuwa Waislamu, wakawa Wakristo. Wakaingizwa kwenye hekalu la Wahindu, wakadhani ni kanisa, wakasali. Mwandishi wa kumbukumbu za safari ile aliona ukutani michoro ya watu wenye meno yaliyochomoza na mikono minne au mitano, akawaandika kuwa ni watakatifu. Historia za Wareno zinasimulia kwamba mmoja wao, João de Sá, alipiga goti huku akisema kuwa kama huyo ni shetani, basi yeye anamwabudu Mungu wa kweli. Katika kila msafara hakosekani mmoja wa namna hiyo. Kijiweni kwetu huambiwa anywe kahawa inapoa.

Siku iliyofuata wakatoa zawadi walizomwandalia mtawala wa Calicut: nguo za mistari, kofia, mabeseni ya kunawia, mafuta, asali. Waliotumwa kuzikagua wakacheka. Hata mfanyabiashara maskini kutoka Makka, waliambiwa, huleta zaidi ya hivyo. Wareno walitoka pale wamenuna, na wala hawakufikiria kwamba mji uliojaa pilipili, hariri na lulu hauna shida ya mabeseni.

Usizungumze naye

Hili ndilo jambo linaloweza kuangusha kazi yako yote. Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha majaribio waliyofanya kwa wasafiri wa treni wa Chicago. Baadhi waliombwa waanzishe mazungumzo na abiria wasiyemjua, wengine wakae kimya peke yao. Walioulizwa tu wabashiri walisema safari ya kuzungumza na mgeni ingekuwa mbaya kuliko zote. Waliozungumza kweli walisema ilikuwa nzuri kuliko ya waliokaa kimya. Kumbe kila mmoja ndani ya behewa alidhani wengine hawataki kusemeshwa, na wote wakanyamaza kwa kuheshimiana.

Panda mwendokasi ya Kimara saa moja asubuhi uone sisi tulipofikia. Umebanwa na mtu kiasi kwamba unajua kapaka mafuta gani na mkewe kamfungia nini kwenye kontena, lakini neno hakuna. Kila mmoja anatazama dirisha lisiloonekana. Bibi mmoja mwenye kikapu akivunja utaratibu na kuuliza “Mwanangu, hapa Magomeni bado?”, watu watano hujibu kwa pamoja, wawili wanabishana kuhusu kituo, mmoja anamshika kikapu, na kwa vituo vitatu gari zima linakuwa ukumbi wa harusi. Kisha bibi anashuka, na nidhamu inarudi.

Ukilazimika kuzungumza na mgeni, basi muulize maswali yasiyo na jibu jipya. “Kwa hiyo wewe ni wa kule?” ni zuri. “Nyie watu wa kule mnapenda sana ugomvi, eh?” ni zuri zaidi, kwa sababu akikubali umethibitisha, na akikasirika umethibitisha mara mbili.

Akikuumbua

Itakuja siku. Mpangaji atapita asubuhi, kwa mara ya kwanza hana haraka, atasimama na kusema “Shikamooni wazee”, atafungua begi na kutoa mikate ya moto, mmoja wa mwenye duka, mmoja wa benchi, na atasema jina la bekari anakofanya kazi. Kimya kitatanda. Usiogope. Watangulizi wetu walikwishaandaa njia za kutokea.

Ya kwanza ni kubadilisha ulichosema. “Mimi niliwaambia tangu siku ile, huyu kijana ni mchapakazi.” Iseme kwanza kabla hajaisema fundi viatu. Ya pili ni kuliacha faili kama lilivyo na kuongeza ukurasa: sawa, ni wa bekari, lakini bekari zinalipa kiasi gani mpaka anunue feni? Ya tatu ni ya mabingwa, na ndiyo inayodumu kuliko zote. Unamtoa yeye kwenye kundi na kuliacha kundi palepale. “Huyu kijana hana neno. Watu wa mkoa wao ndio shida. Huyu kalelewa na shangazi yake mjini.” Kwa njia hiyo unaweza kukutana na watu wema mia moja kutoka sehemu moja, ukawapenda wote kwa dhati, ukazika nao na kuoza nao, na bado ukafa na maoni yako kuhusu kwao yakiwa safi, hayajaguswa.

Mkate uleni.

Wewe ukiwa mgeni

Mara moja moja maisha yatakutoa kwenye benchi. Utashuka stendi ya mji usioujua, jua la saa saba, simu imezima, begi limekatika mkanda mmoja. Umekodoa macho kwenye vibao vya maduka kwa sababu unatafuta jina la mtaa. Umepita mbele ya nyumba ileile mara tatu kwa sababu uliyeelekezwa kwake alisema “ukiona mwembe kata kulia”, na miembe ni minne. Jasho linakutoka, uso umeukunja, salamu huikumbuki. Kwenye kibaraza cha ng’ambo wamekaa watu wanne na kahawa yao. Mmoja anamwinamia mwenzake sikioni. Mwingine anamwita mtoto aliyekuwa akicheza mbele, aingie ndani.

Hapo usijaribu kuona ulichokiona mara nyingi ukiwa upande wa pili. Kasirika. Shangaa jinsi watu wa mji huo walivyo na dharau, wanavyomhukumu binadamu bila hata kumuuliza ana shida gani. Usiende kuwasalimia, wao ndio wenyeji, waanze wao. Ukirudi nyumbani, waeleze benchi lako kwa kirefu jinsi watu wa kule walivyo. Na fundi viatu akikuuliza ulizungumza na wangapi, mwambie ahamishe mguu, kahawa inamwagika.